Bonifasia Aliyepewa Kazi ya Kupinga

Dada Bonifasia hakuwa mbishi. Nasema mapema, maana watu wa Maguu kwa kupakazia hawajambo. Ubishi tulimpa sisi wenyewe, kikundi cha wakulima wa kahawa, nami Wilfred ndiye mwenyekiti.

Soko huria lilipoingia, bei ilianguka vibaya. Wazee wakaketi kwenye sengu, baraza letu, wakala pamoja kama desturi yetu Wamatengo, wakaamua tung'oe mibuni. Nani angepinga na ugali wao ungali mdomoni? Tulipoing'oa tu, bei hiyo, ikapanda! Tukabaki tunakodolea macho mashimo. Ndipo tukaapa: kila mkutano awepo mtu wa kupinga, hata kama moyoni anakubali. Wanaume wote waliinamisha vichwa, kazi ikamwangukia Bonifasia, mjane wa watu.

Kisha tukapata mashine ya kumenya kahawa. Tulitaka kuifunga kando ya kijito, chini tu ya nyumba yake. Alivyofurahi! Goti lake lilikuwa limekwisha kwa kupanda mlima na ndoo za kahawa kichwani. Wiki ile hakutulia, mara afagie njia, mara ashuke kijitoni kupaangalia tena.

Mkutanoni nikauliza, "Nani anapinga?" Wote wakamgeukia. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mwenyekiti, leo niacheni jamani."

"Kazi ni kazi, dada. Sema upesi, tuna mashamba."

Akalishika goti lake. "Haya. Maji machafu ya mashine yataelekea wapi? Bondeni kwa akina Ottilia wanachota hayo hayo ya kunywa."

Lo! Hakuna aliyelifikiria hilo. Mashine tukaipeleka juu mlimani, mbali na kijito, tukaichimbia shimo la maji machafu. Bonifasia akarudi nyumbani bila kuaga mtu.

Mavuno yalipokaribia, alisimama mkutanoni akaomba kuacha kazi. "Nimechoka kujipinga mwenyewe," alisema, machozi yakimlengalenga. Iliniuma. Lakini utaratibu ni utaratibu, nikauliza, "Nani anapinga ombi hili?"

Kila mtu akamtazama yeye.

Akainuka polepole. "Mimi," akasema. "Nikiwaacha peke yenu, mtang'oa tena."

Msimu huo ndoo zake nilizipandisha mimi. Yeye alinifuata nyuma akichechemea, akiipinga kila njia niliyoshika.