Bi Harusi wa Mlimani

Mwenzenu bado nnaona haya, lakini nitasema tu. Harusi za Maskati hazinogi bila vigelegele vyangu, na mama mkwe wangu, Bi Zuwena, hunisifu kwa majirani zake wote wa Darsait, mtaa wetu hukohuko Maskati.

Majuzi mume wangu alinipeleka kwenye milima ya Ulaya, kijiji cha nyumba za mbao na makanisa ya zamani, kizuri kama picha. Asubuhi moja kengele zikalia. Watu wakajipanga njiani na nguo zao za kiasili, ngoma na tarumbeta zinapigwa. Nikamuuliza mama mmoja kwa ishara, kuna nini? Akajichorea kwa kidole taji la maua kichwani, akacheka.

"Harusi hiyo!" Mimi huyo, nikampigia Bi Zuwena kwa video. "Mama, njoo umuone bi harusi wa Kizungu!" Akawaita majirani, sebule ikajaa.

Maua yakachomoza kwenye kona. Nikapiga vigelegele mpaka mlima ukaitika, na kina mama wa Darsait wakanipokea kwenye simu. Nikajipenyeza mbele, macho kwenye simu, na kichupa changu cha mafuta ya udi, nimpake bi harusi shingoni kama desturi yetu.

Kumbe kwao ng'ombe wakirudi kutoka malishoni huvishwa maua na kupokewa kwa ngoma. Mkono wangu ulishafika shingoni. Bi Zuwena akauliza taratibu kwenye simu:

"Mwanangu, huyo bi harusi mbona ana pembe?"