Neno Alilolisema Wanu Msibani

Mboni alipokufa kwa surua, mwaka 1954, alikuwa na miaka mitano, na ndiye mtoto pekee aliyekuwa amembakia Wanu. Wawili waliomtangulia walikufa hata hawajatambaa. Wanu na mumewe Mbarouk walikuwa watu wa Pemba waliohamia Pangani. Mbarouk alikuwa mkwezi wa minazi. Wanu akipiga makumbi ya nazi na kusokota kamba pamoja na jirani yake Bi Mwatumu, mjane mtu mzima aliyemlea kama mwanawe tangu alipofika pale.

Wanaume walipokwisha kulitoa jeneza, wanawake walibaki ndani na Wanu. Hakuwa akilia. Bi Mwatumu akamshika mkono.

"Sema alhamdulillahi, mwanangu. Mungu amempenda kuliko wewe."

"Mimi nilikuwa nikimwosha miguu kila siku," Wanu akasema. "Yeye kamfanyia nini? Mtu akiua watoto watatu wa mwenziwe, tunamwita muuaji. Huyu tumwiteje?"

Mmoja akasema astaghfirullahi. Mwingine akataka kumziba mdomo kwa upindo wa kanga. Wanu akauondoa upindo ule, akalirudia neno lake lote, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kabla ya hitima mtaa mzima ulikuwa umelipata. Wanawake wakaacha kuingia kwake. Mbarouk akaenda kwa Maalim Hatibu, aliyekuwa akisomesha Kurani chuoni mtaani kwao.

"Maalim, hivi Mungu anadhurika kwa maneno ya mama mwenye msiba?"

"Hadhuriki."

"Basi kaumia nani?"

"Sheria haikuulizi hilo, Mbarouk. Mkeo amekufuru mbele ya watu, mara mbili. Ndoa yenu haipo mpaka atubu, atamke shahada, na tuwafungishe upya. Mpaka hapo usimkaribie."

Mbarouk akarudi nyumbani, akamkuta Wanu uani.

"Tamka tu, Mama Mboni. Ni maneno machache."

"Shahada sikuiacha. Naisema hata sasa hivi. Lakini Maalim anataka niseme kwamba nimekosa. Nikisema hivyo na moyoni sivyo, nitakuwa namdanganya nani? Si Yeye?"

Mbarouk akahamishia mkeka wake barazani. Wanu akawa anapika, anamwekea chakula kizingitini, anarudi ndani. Walikwenda hivyo miezi miwili, watu wawili waliopendana, wakisikilizana kukohoa kupitia ukuta. Siku moja Mbarouk alisema kwa uchungu, "Mungu hakupungukiwa kitu, watu hawakupungukiwa kitu. Sisi tunaangamia bure." Wanu naye aliamini hivyo hivyo.

Lakini Bi Mwatumu hakuonekana tena kwenye makumbi. Wanu akadhani amemkasirikia kama wengine. Mwishowe akamfuata kwake, akamkuta amekaa kitandani mchana mweupe, amekonda.

"Shikamoo, Bi Mwatumu. Nimekukosea?"

"Marahaba. Kaa." Bibi yule akamsogezea nafasi kitandani. "Unajua nilizika wanangu wanne mwaka mmoja. Nikaambiwa wananingoja mlangoni mwa pepo, kila mmoja na kikombe cha maji. Miaka ishirini nimewaona, Wanu. Kila nikimaliza kuswali, nikifumba macho, wale pale. Tangu uliposema lile neno, siwaoni. Naona makaburi manne, basi."

"Wallahi sikukukusudia wewe."

"Najua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono."

Wanu alitoka pale. Hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwa Maalim Hatibu, akasema anatubu. Mbarouk akaitwa, mashahidi wawili wakaitwa, shahada ikatamkwa, ndoa ikafungwa. Mbarouk alilia kwa furaha. Wanu akamwacha amesimama, akarudi mbio kwa Bi Mwatumu.

"Nimetubu. Nimesema nilikosa. Yale yalikuwa maneno ya msiba tu."

"Umeyasema kwa moyo?"

Wanu akafungua kinywa. Alitaka sana kusema ndiyo. Bi Mwatumu akamtazama usoni, akangoja, halafu akageukia ukutani.

Mtaa ulimsamehe Wanu. Wanawake walirudi, wakala kwake, wakamwita kwenye harusi zao. Mbarouk alirudi ndani, ingawa mtoto mwingine hawakupata. Kila asubuhi Wanu alimpelekea Bi Mwatumu uji, akamfulia, akakaa naye. Alijaribu kumtajia wale wanne kwa majina, akamwambia walivyo, walipo. Mwanamke yule alisikiliza kwa adabu, kama anayesikiliza habari za watu asiowajua. Aliendelea kuswali, lakini alipotoa salamu aliinuka hapo hapo. Hakufumba macho tena.

Alifariki masika ya 1956. Siku ile mvua ilikuwa imefunga barabara, na Wanu alikuwa peke yake naye. Bi Mwatumu alimng'ang'ania mkono mpaka kucha zikaingia.

"Usiniachie, mwanangu. Sijui ninakokwenda."

Wanu alimsomea Yasini tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza tena. Mkono ule haukulegea mpaka roho ilipotoka.

Wakati wa kuosha, wanawake walisema marehemu amekwenda kwa amani, tazameni uso wake. Wanu, ambaye ndiye aliyemfumba macho, aliendelea kummiminia maji.