Fundi Anayekausha Matundu ya Bolti

"Nani kakwambia umwage mafuta humu, Mama Getrude?" fundi alifoka kwa sauti yake ya puani, akichungulia matundu ya bolti za hedi, kile kifuniko cha juu cha injini ya mashine yangu ya kusaga. "Bolti itakaza mafuta yaliyo chini yake, hedi ibaki legelege inapumua." Nikamwambia nilikuwa nazuia kutu, na wanawake wa Tingi wamekaa na mahindi yao wakisubiri unga, si hotuba. Fundi alizungushia pamba kwenye kijiti cha chelewa akakausha tundu moja moja, ulimi nje, kama anayempaka bibi harusi wanja. Siku hizi vipuri vimejaa maduka ya Lindi, lakini yeye kila bolti mpya huisimamisha mezani karibu na kuukuu, kisha huinama mpaka jicho lilingane na vichwa vya zote mbili. Moja ya zile kuukuu ikazidi urefu. "Imevutika," akasema polepole. "Niliirudisha mwenyewe mwaka jana nilipoifungua injini hii, badala ya kuweka mpya. Ndiyo iliyounguza gasketi yako, ile ya kuziba chini ya hedi, injini ikavuja."

Akafunga mpya zote, akikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo, sikio karibu na spana. Injini ikaunguruma bila kuvuja. Nikafungua pindo la kanga nimlipe, akanirudisha mkono. "Ulishalipa mwaka jana, mama. Leo ndiyo nimeitengeneza."