Mpunga wa Bibi na Ndege wa Ungo

Tangu niache shule nimelala kwingi: Urambo nikichambua tumbaku, Kigoma nikipakua magunia. Hakuna nilikoona masika mawili. Hapa Gongoni nimekaa, na kilichonikalisha ni ndege.

Nilianza na ungo mbovu. Niliuning'iniza kwenye mlonge uani, nikatia chenga za mchele, chini nikaweka karai la maji. Wakaja shomoro, tetere, na vidogo vyekundu kama pilipili ambavyo bado natafuta mtu wa kuniambia jina lao. Jirani yangu, mkulima tangu utoto, alicheka.

"Sisi tunawafukuza kwa kupiga madebe, wewe unawakaribisha chai?"

Masika walikuja wachache, maana wadudu walijaa kila mahali. Kiangazi walirudi wengi, na nikagundua kwamba wakishashiba hukimbilia maji, kisha kivuli. Chenga zinazobaki hawazitazami.

Baada ya mavuno, bibi mwenye nyumba aliletewa mpunga wake kutoka Puge. Kabla ya kuupeleka mashine, huuanika uani kwenye turubai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndege wako wakigusa mpunga wangu, utahama nao."

Hakuwa anatania. Nimehama mara nyingi huku nikipiga mluzi, lakini safari hii nilitazama ungo wangu nikakosa raha.

Kesho yake, kabla jua halijachomoza, nilijaza ungo hadi ukafurika. Karai nililihamishia pembe ya mbali, kwenye kivuli cha ua wa minyaa. Bibi alipotandaza turubai, ndege walikuwa wameshashiba. Akaketi kwenye kigoda, fimbo mkononi, kopo la maji ya udhu pembeni. Ndege wote walipita juu ya mpunga wakaenda karaini.

Isipokuwa tetere mmoja. Alitua kwenye ukingo wa turubai, akatembea taratibu kama mwenye shamba. Bibi akainua fimbo. Tetere akavuka mpunga wote bila kudonoa, akasimama kwenye kopo, akanywa.

"Tazama huyu," bibi alisema. "Kanywa maji yangu ya udhu."

Fimbo akaishusha.

Siku hizi karai hulijaza yeye nisipokuwepo. Juzi jirani alipita na utani wake uleule, na kabla sijafungua mdomo bibi akamjibu, "Hao wako ndio wezi. Ndege wa nyumba hii wamefundishwa."