Taa ya Oili Katika Gari la Baba

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia kando ya ziwa miaka ile ya sitini, gari lilikuwa na tabia zake kama mtu, na majirani wote walizijua. Watoto wa Homa Bay tuliweza kukuambia ni gari la nani linalokuja kabla halijaonekana, kwa honi tu na jinsi lilivyokohoa mlimani. La baba yangu lilikuwa la kijivu. Alilinunua kwa mzungu mmoja wa mgodi wa Macalder aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, na mzungu yule alituachia gari pamoja na maradhi yake yote. Barabara za mgodini zilikuwa zimelegeza nyaya zake. Panya wa ghala la Baba, waliofuata punje za mahindi zilizonasa kwenye viti, walimalizia kazi.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye dashibodi. Mshale wa petroli ulisema tangi limejaa hata likiwa kavu. Ukiwasha taa kubwa, mshale wa joto uliruka kama aliyeumwa na siafu. Na ile taa ndogo ya oili, ambayo kazi yake ni kumwonya dereva asimame kabla injini haijaungua, haikuwaka kabisa.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, wala hakusomea ufundi, lakini alikuwa mkaidi. Sisi tulikuwa Waadventista, basi siku ya Sabato hakuna aliyegusa spana. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya dashibodi. Majirani Wakatoliki wakipita kwenda misa, viatu vinang'aa, walimkuta Baba amelala chali chini ya usukani, miguu iko nje ya mlango, wakaisalimia miguu yake. Alikuwa na balbu ndogo aliyoifunga nyaya mbili. Waya mmoja aliugusisha kwenye bodi, wa pili akautembeza nyuma ya dashibodi kutafuta umeme umefika wapi na umekatikia wapi. Kwa kuwa kule chini hakuweza kuiona balbu, sisi wanawe tulijipanga kiti cha nyuma tukiitazama.

"Inawaka?"

"Haiwaki, Baba!"

Tulipiga kelele hizo mpaka sauti zikakauka. Chuma cha kulehemu kilipashwa moto kwenye jiko la Mama, naye kila Jumapili alilalamika kwamba samaki wake wa ngege wananuka risasi ya kulehemia. Tukianza kusinzia, Baba alituambia, "Msikisie. Fuateni waya mpaka muone ulipokatika." Wajukuu zangu leo wangekufa kwa kuchoka. Wao taa ikiwaka ndani ya gari huipiga picha, wakamtumia fundi, halafu wakaongeza sauti ya muziki na kuendelea na safari.

Hata hivyo gari letu lilitembea, tena vizuri, kwa sababu Baba alijua uongo wake wote. Petroli aliipima kwa kijiti alichokichovya kwenye tangi. Oili aliipima kila asubuhi kabla ya chai, na safarini alisimama baada ya kila kipande cha mawe, akainama kuchungulia kama kuna kinachovuja. Tulipokuwa tukienda likizo alisimama hivyo mara nyingi sana, na sisi tulishukuru, maana kila kituo kilikuwa nafasi ya kuchuma matunda ya porini.

Na likizo zetu zilikuwa Lambwe, kwa Baba Mdogo, ndugu yake Baba wa tumbo moja. Nikilitaja bonde lile hata leo moyo huniuma. Tulichimba njugu tukazila zikiwa na udongo. Tuliumwa na mbung'o tukashindana nani amevimba zaidi. Nililala mkeka mmoja na binamu zangu, na Ouma, tuliyelingana umri, alinifundisha kutega kware na kupiga mluzi kwa vidole. Usiku baba zetu walikula sahani moja na kucheka mpaka Mama Mdogo, mkewe Baba Mdogo, akawauliza kama ugali umetiwa kitu.

Ikafika Jumapili moja. Dashibodi ilikuwa imefunguliwa, iko juu ya mkeka, na Baba alikuwa ameshapata sehemu panya walipotafuna waya wa taa ya oili. Ilibaki kuunganisha tu. Hapo ndipo Baba Mdogo alipoingia, amevaa koti lake la kanisani. Kaka yake Ouma alikuwa anaoa huko Nyatike, na wazee walikuwa wanasubiri kupelekwa ukweni kumaliza mazungumzo ya mahari.

"Omera, ndugu yangu, nimekuja kuchukua gari," alisema. "Wazee wamekaa barabarani, jua linapanda."

Baba alifuta mikono. "Hii gari..." akaanza.

Baba Mdogo akacheka na kumpiga bega. "Ukisema iko na shida, nitajua unaninyima!"

Kwetu kumnyima ndugu ni vibaya, na kutaja kasoro za kitu wakati ndugu anakiomba ni vibaya zaidi, kwani ni kunyima huku unatabasamu. Nilimwona Baba akimeza maneno. Alirudisha dashibodi, akakaza skrubu, akampa ufunguo.

"Gari iko sawa," alisema. "Enda polepole tu."

Habari zilitufikia kabla ya gari. Karibu na huko ukweni jiwe lilitoboa tangi la oili chini ya injini, oili ikamwagika njiani, na dashibodi ikakaa kimya. Injini ilinoki, ikakwama kabisa, wakiwa wanaliona boma la wakwe kwa macho. Wakwe walifunga maksai wao, wakaliburuta gari hadi uani, na wazee wetu wenye makoti wakatembea nyuma yake kama wafuata jeneza. Kwa Mjaluo hakuna mahali pabaya pa kuaibikia kuliko ukweni. Watoto wa huko walishatunga wimbo kabla wageni hawajapewa maji ya kunywa.

Baba Mdogo alikuja siku chache baadaye. Alisimama langoni, akakataa kiti alicholetewa na Mama.

"Ulijua?"

"Nilijua taa ya oili haiwaki," Baba alijibu.

"Na ukanyamaza, ukaniacha niende hivyo kwa wakwe."

Nilingoja Baba amkumbushe lile neno la kunyima. Yeye alikichukua kile kiti akakirudisha ndani. Baba Mdogo akaondoka, na hakukanyaga tena kwetu.

Gari liliporudishwa likivutwa na lori, Jumapili iliyofuata Baba alifungua dashibodi, akaunganisha ule waya, akazungusha ufunguo. Ile taa iliwaka, kali na safi, ndani ya gari lenye injini iliyokufa. Sisi kwa mazoea tulipiga kelele, "Inawaka, Baba!" Akaizima, akakusanya vyombo vyake.

Hatukwenda tena Lambwe. Baba alituma watu wa kupatanisha, wakarudi na salamu baridi. Mdogo wake alipofariki, Baba alikuwa tayari anatembea kwa fimbo. Alisimama kando ya kaburi, akaombwa aseme neno, akashindwa. Ouma naye nilikutana naye sokoni Homa Bay mwaka jana. Tuliulizana habari za mvua, tukaagana.

Mwezi uliopita binamu yake mwanangu alikuja kwangu kumwomba gari lake. Mwanangu hata hakuinuka kitini, akamwambia mwenzake, "Buda, breki imeisha. Siwezi kukupa hii gari ukajiue." Nilishtuka. Nikafungua mdomo nimkemee kwa kukosa adabu mbele ya mgeni, mtoto wa ndugu yetu, tena kabla hajanywa hata chai. Yule binamu alinuna mpaka jioni. Kisha nikawasikia ufuoni, wanakula samaki wa kuchoma na kuchekana, na kesho yake wakaenda pamoja kutafuta breki.

Vijana hawa hawana adabu tuliyolelewa nayo, na mimi ni wa kwanza kulalamika. Lakini laiti baba yangu angekosa adabu Jumapili ile moja tu.