Kinu cha Mama Mugendi

Kama ulipita Kanja miaka hii ya karibuni ukaona mzee anatembea shambani kwa kunyata, kama mtu aliyekuja kuiba ndizi, usimwite mwizi. Huyo ni Ndwiga, shamba ni lake na ndizi ni zake. Alinyata kwa sababu nyuma ya miti yake ya kahawa kulikuwa na shimo la simiti lenye mfuniko wa chuma, na ndani ya shimo hilo mlikuwa na mashine inayosikiliza ardhi.

Mashine ililetwa na watafiti kutoka Nairobi. Walieleza mbele ya chifu kwamba Mlima Kenya ulikuwa volkano zamani za kale, na wao walitaka kujua kama huko chini bado kuna kinachojigeuza usingizini. Walihitaji mahali pa kimya, mbali na barabara ya lami, na mtu mtulivu wa kufyeka nyasi, kupangusa vumbi kwenye paneli ya sola na kufukuza mbuzi. Watu wa Kanja wakanong'onezana kuwa ni dhahabu inayotafutwa, kwani nani atoke Nairobi kuja kusikiliza udongo? Ndwiga alikuwa amestaafu ukarani wa kiwanda cha kahawa bila kuagwa hata kwa soda. Alipochaguliwa, alijiona amepakwa mafuta.

Siku ya kuifunga mashine, mhandisi alimwambia aruke mara tatu kando ya shimo, kisha akamgeuzia kompyuta. Ndwiga akaona kuruka kwake kumechorwa pale, vilima vitatu vyenye ncha.

"Ai! Hii kitu inasikia mpaka kuku?"

"Kuku hapana," mhandisi akacheka. "Lakini ng'ombe na watu, inasikia. Kwa hivyo punguza kelele, mzee. Ikizidi, itabidi tuhamishe stesheni."

Mtu mwingine angemfunga ng'ombe mbali kidogo, mambo yakaisha. Ndwiga alikuwa na bidii ya mtu aliyepoteza kazi akaipata nyingine uzeeni, na bidii ya namna hiyo haina breki. Alimuuza ng'ombe. Watoto waliocheza mpira njiani aliwafukuza. Jumuiya ya kanisa, yenye akina mama wanaoimba zaidi kwa miguu kuliko kwa midomo, aliiomba ikasalie nyumba nyingine. Yeyote aliyeingia langoni alitakiwa kuvua viatu, avishike mkononi, akanyage polepole mpaka mlangoni. Watu walitii kwa heshima, mara ya kwanza, mara ya pili, halafu wakapungua. Aliyevumilia zaidi alikuwa Ednah, jirani wa ng'ambo ya ua, na hata yeye hakunyamaza.

"Baba Mugendi," alisema, "kwako siku hizi mtu anaingia kama amekuja kuangalia maiti."

Mmoja tu ndiye hakumtii kabisa, naye alilala naye kitanda kimoja. Mkewe Gladwell, Mama Mugendi, alikuwa mzaliwa wa Gachoka, kule chini Umbeere kwenye joto, na alipoolewa alipanda huku kwenye baridi na kinu chake na mchi wa mti mgumu wa kwao. Kanja watu huchemsha mahindi na maharagwe, ganda na yote, wakashiba wakalala. Gladwell alisema hicho ni chakula cha punda. Kila alasiri jua likigeukia nyuma ya miti ya makadamia, aliloweka mahindi kidogo, akayamwaga kinuni, akatwanga mpaka ganda likatoka, ndipo apike muthokoi wake mweupe. Kinu kilikaa kando ya mlango. Ndwiga alikibingirisha nyuma ya jiko, mkewe akakirudisha. Kumkataza ilikuwa ni kutwanga maji.

"Mama Mugendi, utafukuzisha hiyo mashine."

"Si iende? Kwani uliioa lini?"

"Watu ya Nairobi wanasikia!"

"Wasikie basi, wajue hapa kuna watu. Na uwaambie wakuje wakule."

Kisha akatwanga zaidi, naye Ndwiga akakaa kwenye kiti akikunja uso kwa kila pigo, kama mtu anayeng'olewa jino. Walizeeka hivyo. Ukiniuliza mimi, walipendana, ila hakuna aliyewahi kuwashtaki kwa kosa la kulisema.

Kisha presha ikampiga Gladwell Jumapili moja baada ya ibada. Alipelekwa hospitali akizungumza, akarudishwa ndani ya sanduku. Walimzika kati ya mikahawa na mimakadamia. Kijana wao Mugendi alikuja kutoka Eldoret, akakaa mpaka maua ya kaburini yakanyauka, akarudi kazini. Alipiga simu kila Jumapili. "Uko sawa, mzee?" "Niko sawa." Hapo mazungumzo yakaishia, maana wote wawili ni wanaume.

Ndwiga alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulizungusha hilo. Alipika sima akala nusu. Alijua sauti ya bati lake likipata joto asubuhi na likipoa jioni. Hakuna aliyemkosea. Watu walikuwa wamezoea kutokuja, na aliyewazoesha ni yeye. Kinu kilipinduliwa pale pale kando ya mlango, kuku wakakifanya kiti. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi Ndwiga akangojea huo mshindo, nao haukuja.

Kilichobaki kilikuwa mashine. Alipangusa paneli hata ilipokuwa safi. Alifyeka nyasi ambazo hazijaota vizuri. Ilikuwa ndicho kitu pekee duniani ambacho bado kilimhitaji, na alijua hivyo, na aliogopa siku atakayoikosa.

Ndipo akaja Daktari Kagwiria. Huyu alikuwa mtafiti kijana, msichana wa Nkubu, aliyechukua kazi baada ya yule mhandisi kwenda masomoni ng'ambo. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika. Aliingia langoni na buti zake, akikanyaga kama mwenye shamba, na Ndwiga, ambaye tangu asubuhi alikuwa amechemsha mizizi ya nduma na chai ya kumngojea, akakosa ujasiri wa kumwambia avue. Mgeni mwenyewe alitafuta mahali pa kuweka kompyuta, akaona kile kinu kilichopinduliwa, akamfukuza kuku, akaiweka hapo.

"Mzee Ndwiga, mimi nimekuja kusema tu asante," alianza kwa furaha. "Stesheni zote tuko nazo, hakuna imetulia kama yako. Bosi wangu anauliza, huyu mzee alifanya nini? Kwa sababu hapo kwanza ilikuwa na kelele. Hebu ona."

Akarudisha picha nyuma. Mstari ulikuwa umelala, halafu kila alasiri unaamka na kusimamisha nywele.

"Hii kule ofisini tuliipatia jina. Tunaiita Saa Kumi, juu haichelewi. Wengine walisema ni pampu ya maji, lakini mimi nilikataa. Pampu haipumziki hivi."

Ndwiga aliinama karibu. Aliona vilima vingi vilivyosongamana, kisha nafasi, kisha vilima tena. Ile nafasi aliijua. Ni pale Gladwell alipoingiza mkono kinuni kuyageuza mahindi. Mwanzoni mapigo yalikuwa ya haraka, baadaye yakachoka, na mwisho kabisa vilikuwapo vilima vitatu vidogo, kila siku vitatu, ambavyo hakuna kompyuta ingeweza kuvielewa. Gladwell alikuwa akigonga mchi kwenye mdomo wa kinu, kuukung'uta.

"Halafu hapa," Kagwiria akaendelea, macho yake kwenye kioo, "kuna siku moja kelele kubwa ajabu. Watu wengi. Mlikuwa na harusi? Kutoka hapo sasa ni kimya safi, mpaka leo."

"Hiyo si harusi. Ni mazishi."

Msichana akainua uso.

"Na hiyo Saa Kumi yenu ni mama ya watoto wangu," Ndwiga alisema. "Alikuwa anatwanga."

Kagwiria aliinyakua kompyuta kutoka kwenye kinu kama sufuria inayoungua, akaishika kifuani. "Pole, mzee. Pole sana. Hakuna mtu alituambia."

"Mimi ndio sikuwaambia. Mlikuwa mmetaka kimya."

Walikula nduma. Baadaye Ndwiga akauliza zile kelele hufanyiwa nini. Msichana alisita, lakini hakuwa mwongo. Alieleza kuwa kompyuta huziondoa kwanza, ndipo mlima uonekane. Picha za mwanzo hubaki kwenye hifadhi, ila hakuna anayezitazama. Wakati wa kuondoka alikumbuka habari njema aliyokuwa ametumwa, akaitoa kwa sauti ya chini. Kwa ajili ya ule utulivu, mashine mpya, nzuri zaidi, ingeletwa hapa Kanja.

"Na kelele ikirudi?"

"Bosi alisema itapelekwa msituni. Lakini wewe usiwe na wasiwasi, mzee. Kwako ni kimya."

Kweli, kwake kulikuwa kimya. Ndwiga alikaa pale mlangoni mpaka chai ikapoa kikombeni. Sifa aliyoingojea tangu kiwanda cha kahawa ilikuwa imemfikia, na alisifiwa kwa kufa kwa mkewe. Miaka yote alimwomba anyamaze. Haya, amenyamaza. Alilia kwa sauti, na pengine mashine haikusikia, maana haikuundwa kwa mambo hayo.

Kesho yake alasiri alikigeuza kinu, akakiosha. Alilowesha mahindi kama alivyokumbuka, akashika mchi kwa mikono miwili. Kabla ya pigo la kwanza alitazama upande wa shimo, kwa mazoea, kama mtoto anayetazama kama baba yupo. Akapiga. Mahindi yakaruka, kuku wakashukuru. Akapiga tena. Mchi ulikuwa mzito kuliko alivyowahi kufikiri, na ilimwingia akilini kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwa ameushika hata siku moja. Alipochoka aliugonga mara tatu kwenye mdomo wa kinu. Muthokoi wake ulikuwa na maganda nusu, akaula wote.

Akafanya hivyo siku iliyofuata, na zilizofuata. Katikati ya kutwanga siku moja, simu ikalia.

"Mzee, ni Kagwiria. Saa Kumi imerudi."

"Ni mimi, Daktari. Najifunza."

"Bosi ameona. Nimejaribu kumwambia, lakini anasema ikiendelea tutakuja kuitoa."

Ndwiga aliitazama paneli ya sola iking'aa juu ya mikahawa. Alifikiria asubuhi ambazo hatakuwa na cha kupangusa. Hakuna mtu angekuja tena kutoka Nairobi, wala kokote. Alipiga moyo konde.

"Basi mkuje," alisema. "Nitawapikia."

Aliweka simu mfukoni, akarudi kinuni. Alitwanga mpaka jasho likamwingia machoni, akainua uso ajipanguse, akaona mtu amesimama katikati ya uwanja. Hakuwa amesikia lango wala hatua. Alikuwa Ednah. Alikuwa hajaingia pale tangu mazishi. Viatu vyake vilikuwa mkononi, na nyayo zake wazi kwenye udongo mwekundu, amesimama kwa ncha za vidole.

"Nimesikia kinu ya Mama Mugendi siku nyingi sasa," alinong'ona. "Leo nikasema wacha niende nione ni nani."

Ndwiga alitazama ile miguu, akaweka mchi chini.

"Ednah, vaa viatu."

"Na mashine?"

"Vaa viatu. Kanyaga tu."

Ednah aliviangusha chini, akavivaa, akaja mpaka penye kinu, na Ndwiga akasikia kila hatua.