Beti Sita Mlangoni

Nakumbuka, mwanangu, mwaka ule nilipoandikiwa beti sita za shairi, nami nikajibu kwa beti kumi na mbili, nikajiona nimemaliza kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mchumba wa mtu, na ujinga umenijaa mpaka kwenye kucha. Kaa hapa nikwambie. Hiyo simu iweke chini. Huyo anayekuandikia hafi kwa robo saa.

Mchumba wangu alikuwa Bakari, fundi seremala wa Rasbura, kule Lindi mjini. Sisi kwetu Kilwa Kivinje. Posa ilikwishapokelewa, na tulikubaliana kwamba siku ya Idi Bakari atakuja na wazee wake kuwaamkia wazazi wangu. Mama akapika. Majirani wakawa wanapita kuchungulia. Bakari hakuja, wala hakuleta salamu. Baadaye tukasikia alikuwa na kitanda cha bwana harusi mmoja hajakimaliza, akaona aibu kukiacha. Aibu yetu sisi hakuiona. Na watu wa Kivinje hawahitaji kuchochewa. Kila nikienda kisimani naulizwa, "Ee Asha, mgeni wenu bado yuko njiani? Au anakuja kwa magoti?"

Wiki mbili zikapita, shangazi yake akaniletea bahasha. Ndani shairi. Ubeti wa kwanza ninao kichwani mpaka leo:

Idi sikuja nyumbani, makosa nayatambua,
Lawama zi kifuani, sina pa kuzitupia,
Hasira zako moyoni, ni haki nazipokea,
Nimekaa mlangoni, neno lako nangojea.

Vina vyake vya kawaida, kina cha ni katikati, cha a mwishoni, vina vya kila mtoto wa madrasa. Na ule mstari wa mwisho haukubadilika hata mara moja. Beti zote sita zimeishia hapo hapo, mlangoni. Nikacheka peke yangu. Nikasema, huyu fundi kaishiwa mbao.

Mimi, mwanangu, nilikuwa najulikana. Harusini wakitaka shairi la kumsifu bibi harusi walinifuata mimi, na darasa la nne langu hilo hilo. Nikataka Bakari ajue anaoa nani. Na wallahi nilikuwa nimemsamehe, tena tangu mstari wa kwanza. Basi nikakaa siku tatu natunga. Vina vyake nikaviacha, nikachukua vya kuwatoa watu jasho, dhi na ri. "Moyo wangu umeridhi, ndiwe wangu mashuhuri," ndivyo nilivyoanza. Ule mstari wake wa mlangoni sikuugusa kabisa. Mwisho nikatia kaditama, lile neno la mtunzi aliyemaliza yake na hataki kuongezwa. Nikampa shangazi bahasha, nikakaa kungoja sifa.

Sifa hazikuja. Mwezi mzima ukaisha. Shangazi alipopita tena hakuvua hata viatu.

"Bakari anasema jibu amelipata. Wazee wake watakuja waongee na wazee wako, posa ivunjwe kwa heri, pasiwe na maneno."

"Shangazi, mbona mimi nimemwandikia mapenzi matupu!"

"Kusoma sijui, mwanangu. Uso wake nimeuona alipokuwa anasoma."

Nilikimbia kwa Bi Zuhura, somo yangu, yule aliyenifunda nilipovunja ungo. Nilimkuta uani amenyoosha miguu, anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ambao baadaye hushonwa upande kwa upande ukawa mkeka. Bi Zuhura hata jina lake hakuweza kuliandika. Lakini ukimghania shairi, vidole vyake vilihesabu mizani bila mwenyewe kujua, na ukipunguza moja aliinua nyusi.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Unalia nini, umefiwa?"

Nikamweleza. Akasema, "Anza na la kwake." Nikamghania beti zote sita, yeye anasuka. Kisha nikamghania la kwangu. Nilipofika kaditama alikuwa ameacha kusuka.

"Zuri," akasema. "Sasa nambie, ulikuwa unamjibu nani?"

"Bakari."

"Bakari gani? Bakari yuko mlangoni. Wewe unaimba sokoni."

Akauchukua tena ukili wake.

"Sisi ukifika kwa mtu hodi unapiga ngapi?"

"Tatu, somo."

"Husikii kitu?"

"Unarudi zako."

"Yeye kapiga sita. Mstari ule ule mara sita, wewe ukasema kaishiwa. Hakuishiwa, we mtoto! Alikuwa anabisha. Mtu anabisha hodi mara sita, unatoka unampa hotuba, tena ndefu kuliko yake mara mbili, halafu unafunga mlango kwa kaditama. Angefanyaje? Avunje komeo?"

"Lakini maneno yangu matamu, somo."

"Mwenye kelele hana neno. Lete ukili ule." Akanionyesha kipande kimoja chenye rangi nyekundu na zambarau, kimesukwa kwa kukazwa sana. Kando yake akaweka kingine cheupe, kimesukwa kwa mkono mlegevu. "Shona."

Nikashona kiasi cha shibiri moja. Mkeka ukabenuka kama jani lililoachwa juani.

"Kipi kibaya hapo?"

"Hakuna kibaya. Havikubaliani."

"Basi Bakari kakuletea ukili wake, umwekee wako ubavuni, mshone. Vina vyake kaviweka vyepesi ili uvifikie. Wewe ukasema, hivi sivitaki, mimi nina vyangu. Mdomo umesema nakupenda, mkono umemsukuma. Mtu mwenye kosa, moyo wake uko juu juu, ataamini kipi?"

Wewe unacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Basi nimfuate Rasbura nikamwambie kwa mdomo." Akanitazama kama nimemwagia maji kwenye unga.

"Binti wa watu apande lori kumfuata mume! Ulipojikwaa ndipo utakapoinukia. Umeharibu kwa shairi, tengeneza kwa shairi. Na safari hii, ubeti mmoja."

"Mmoja, somo? Hautatosha."

"Aliyekuja kufungua mlango anahitaji mikono mingapi?"

Nilitunga pale pale nikimshikia chane za miyaa. Kila nilipotaka kupamba alinipiga na ukili kwenye goti. Tulipofika mstari wa mwisho nikataka kuumalizia, akanizuia. "Acha hapo. Mpe nusu, nusu nyingine ni yake." Nikasema shairi litakuwa na kilema. Akasema, "Si kilema, huo ni mlango. Ukiujaza utapita wapi?"

Basi nikapeleka hivi:

Nilijigamba kwa fani, sauti sikusikia,
Hasira iko pembeni, kosa nimelifukia,
Kama bado u shakani, sikiliza nakwambia,
Nimekuja mlangoni,

Na hapo pakabaki peupe. Mwanangu, hakuna kitu nilichoandika maishani kilichonitia hofu kama ule weupe. Maneno yakishatoka yamekwenda, ila pale palipoachwa wazi mtu anaweza kutia chochote. Anaweza kutia tusi. Anaweza kupaacha vile vile.

Wazee wake walisema watakuja Ijumaa kuvunja posa. Alhamisi nzima sikula. Ijumaa baada ya sala niko jikoni nakuna nazi, mama yuko ukumbini anachambua mchele, nikasikia miguu barazani. Nikajua ndiyo hao. Nazi ikanitoka mkononi. Badala ya hodi, nikasikia sauti ya mtu mmoja tu, inatetemeka kidogo, lakini mizani kamili:

"Nimekuja mlangoni, ndani nitakaribia?"

Mama, asiyejua hili wala lile, akajibu, "Si ukaribie tu! Mbona unaimba, baba, wewe ni nani?"

Nami kule jikoni nimekaa chini juu ya nazi iliyomwagika, nacheka na kulia pamoja. Ule mstari wangu alikuwa ameuchukua akausimamia mwenyewe, ameuvaa kama kanzu, na nusu iliyobaki ameileta kwa miguu yake kutoka Lindi. Wazee wake walikuwa nyuma, kumbe, wakimngoja aitikiwe. Waliingia. Hawakuzungumza habari ya kuvunja.

Huyo ndiye babu yako unayemsikia anapiga randa uani kwa miguu yake mibovu. Mpaka leo akinikosea hasemi samahani. Anakuja pale mlangoni, anasema "nimekuja mlangoni" na kunyamaza. Siku nyingine namalizia haraka. Siku nyingine namwacha asimame kwanza, ajue.

Sasa nisikilize. Jana ulinionyesha lile shairi ulilotaka kumpelekea mwenzako, ulilolikuta huko simuni, lina maua na mioyo myekundu ishirini. Maneno mazuri, sikatai. Lakini yeye alikuandikia mistari miwili mifupi, na jina lako akaliweka mwisho, peke yake. Umejiuliza kwa nini kalitenga hivyo? Mtu anayekupenda akikuandikia, usisome maneno tu. Angalia amerudia nini, maana anachokirudia ndicho kinachomuuma. Angalia amekomea wapi, maana hapo ndipo anapokungoja. Akija na mwendo mfupi, usimkimbize. Akikuachia nafasi, ingia wewe, usitume mgeni. Na ukitaka kubaki na mtu, usimfungie shairi kwa kufuli ati kwa sababu kufuli lako linang'aa. Heri ubeti mmoja unaofuata hatua zake kuliko kumi na mbili zinazomwacha barabarani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami guu langu nusura livunjike. La kwako lingali zima, lichunge.

Haya, chukua simu yako ukamjibu. Mungu akupe sikio kabla ya ulimi, akupe mwenzi anayebisha hodi na asiyechoka upesi, na nyumba yenu iwe mkeka ulioshonwa sawa, usiobenuka hata ukipigwa na jua. Amina. Na huo mstari wa mwisho, ukiweza, mwachie nusu.